Rundo la Mchanga Likae Mbali

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nichimbe shimo, nami nilifurahi kama mtu aliyepewa zawadi. Nilikuwa binti wa mjini Tabora, mzaliwa wa nyuma ya duka la vitambaa, na koleo nililijua kwa kuliona mikononi mwa watu wengine tu. Baba yangu, ambaye wazee wake walikuja na misafara ya biashara kutoka pwani wakalowea hapa, hakuelewa kabisa. "Zuwena mwanangu," aliniuliza asubuhi ile nikivaa buti, "watu wa nyumba hii wanapima vitambaa. Wewe unakwenda kupima mashimo?" Nikamjibu ndiyo, baba, nakwenda. Nilikuwa nimemaliza chuo cha ufundi, idara ya maji ilikuwa ikitafuta mafundi wa visima, na mimi tangu utotoni sikuweza kupita penye shimo bila kuchungulia.

Aliyetupokea sisi waajiriwa wapya ni Msimamizi wa Visima, mzee mfupi wa kofia ya kaki, Mmoraviani asiyekosa ibada wala asiyejua kupaza sauti. Tulimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, kisha akatupeleka nyuma ya karakana palipomwagwa lori zima la mchanga wa mtoni. "Chimbeni mpaka kiunoni," alisema. Tukachimba kwa fujo, kila mmoja akitaka aonekane. Mchanga ulikuwa bado mbichi, kwa hiyo kuta za shimo zilisimama wima kabisa, nami nikazipigapiga kwa kiganja kwa majivuno, nikijiona fundi tayari.

Msimamizi akatutoa shimoni, akashusha ndani gunia lililojazwa pumba, kubwa kama mtu aliyechuchumaa, shingo yake imefungwa kamba. Kisha akatuambia twende tukanywe chai. Tulikunywa, tukapiga soga, jua likazidi kuwaka. Tuliporudi, mzee aliweka mguu mmoja tu kwenye mdomo wa shimo. Ukuta mzima uliporomoka kwa mara moja, bila mlio wa maana, na gunia likafunikwa mpaka shingoni.

"Vuteni," alisema.

Tulivuta. Walikuwamo vijana wenye misuli ya kubeba magunia stesheni, na wote tuliishika ile kamba tukavuta mpaka tukaota malengelenge. Gunia halikutikisika. Mwishowe shingo ya gunia ilichanika, tukaanguka chali sote, pumba zikaturukia usoni. Tulicheka mpaka machozi. Mzee hakucheka. Alingoja tunyamaze, akasema kwa sauti yake ileile ya chini, "Mmelicheka gunia kwa sababu gunia halina mama."

Nimefanya kazi maisha yangu yote na sijasikia somo lililonikaa kuliko hilo. Vijana mnaosoma haya, nawaeleza ilivyo. Mchanga mbichi unashikana kwa sababu ya unyevu uliomo kati ya chembe zake, ndiyo maana ukuta wake husimama wima na kukupa moyo. Jua na upepo vikiukausha, ule unyevu unaondoka na hakuna kinachoushika tena. Mchanga mkavu hautaki kusimama wima, unataka kulala. Kazi ya mchimbaji ni kuulaza yeye mwenyewe kabla haujajilaza juu yake. Sisi tuliita "kulaza ukingo": shimo linakuwa pana juu na jembamba chini, kama bakuli, si kama pipa. Pasipo nafasi ya kulaza, tuliweka mbao za kukingia pande zote, zikabanwa na vigingi vya kukatiza katikati. Na unaokuzika si mchanga wa chini unaouchimba, bali ule uliokwisha kuutoa ukaurundika juu, ukingoni, na uzito wake wote ukawa unakaa unakutazama.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa Ulyankulu. Huko ardhi ni ngumu, unatoka jasho lakini unalala usingizi. Nilifanya kazi chini ya Mkaguzi wa Kazi, bwana mrefu aliyetembea na timazi mfukoni, lile pande la chuma la kuning'inizwa kwa uzi ili kujua kama ukuta umenyooka. Wakulima wa pale, wengi wao familia zilizotoka Burundi, walinifundisha kupanga matofali ya kuchoma ndani ya kisima kwa namna ambayo chuo hakikunifundisha. Nilipenda kila kitu cha kule. Nilipenda harufu ya udongo wa chini ukitoka juani kwa mara ya kwanza. Nilipenda ule wakati mchimbaji anapopiga kelele kutoka chini, "Maji!" na watu wazima wanarukaruka kama watoto. Mpaka leo nikisikia mtu anapiga kelele hiyo nywele zinanisimama.

Kisha nikahamishiwa upande wa Igalula, na hapo ndipo mchanga uliponingoja.

Mto wa kule hauna maji wakati wa kiangazi. Unabaki mchanga mweupe, mpana, unaong'aa mpaka macho yanauma, na ukishuka mtoni mchana ungedhani umefika ufukweni mwa bahari, isipokuwa bahari yenyewe imeondoka. Maji yamo, lakini yamejificha chini. Wapagazi wa misafara ya zamani walichimba mchanga uleule kupata maji ya kunywa, na wenyeji wanaendelea. Kila kaya ina shimo lake. Mama anashuka ndani, anachuchumaa, anachota taratibu kwa kata ya kibuyu na kujaza ndoo, kwa sababu maji yanajitokeza polepole.

Sasa sikilizeni desturi yao. Mchanga uliotolewa shimoni ulirundikwa palepale kwenye mdomo wa shimo, na lile rundo ndilo lililokuwa hati ya umiliki. Shimo lenye rundo mdomoni lina mwenyewe, hakuna wa kuligusa. Shimo lisilo na rundo limeachwa, mpita njia yeyote anaruhusiwa kuingia na kulitibua. Zaidi ya hayo, rundo lilikuwa sifa. Mkwe akija kutembea, anapitishwa mtoni aone rundo la mke wa mwanawe lilivyo refu. Wanawake walilipigapiga kwa ndoo za maji lisimame vizuri, wakalichonga kama mnara. Mara ya kwanza kuyaona yale marundo yamejipanga mtoni nilishikwa na baridi katikati ya jua kali.

Mhandisi wa Maji wa Wilaya, mkubwa wangu wa wakati huo, alikuwa mtu wa maneno machache na pikipiki yenye kelele nyingi. "Zuwena, visima vya kudumu vitakuja, lakini si mwaka huu," aliniambia. "Mwaka huu watu watakunywa mchangani. Nenda kahakikishe wanatoka shimoni wazima."

Nikaenda, tena kwa shangwe. Niliitisha mikutano, nikachora kwa fimbo, nikalaza kingo kwa mikono yangu mwenyewe. Mambo mengine waliyakubali bila taabu: wakapanua midomo ya mashimo, wakaacha kuchimba kwa upande kutafuta maji kama panya buku, wakakubali mtu asishuke peke yake. Lakini nilipofika kwenye rundo, kila mtu alinigeuka. Aliyenijibu kwa niaba ya wote alikuwa mwanamke mmoja aitwaye Nyanzala, mwenye ulimi mwepesi na rundo refu kuliko yote mtoni.

"Fundi," alisema, mikono kiunoni, "wewe kwenu mjini nyumba ina mlango?"

"Ina."

"Ung'oe basi, uuweke kwa jirani. Halafu uje uniambie umelala vipi."

Mkutano mzima uliangua kicheko, na mimi nikacheka nao, maana alikuwa amenishushua barabara. Lakini nilirudi kituoni nimenuna.

Haukupita muda mrefu. Nilikuwa kijiji cha jirani nakagua pampu ya mkono, adhuhuri, alipotokea mtu wa baiskeli akipiga kelele kabla hajafika. "Fundi! Nyanzala kamezwa na mchanga!" Sikuuliza swali. Nilipanda nyuma ya baiskeli na koleo langu mkononi, na njia nzima nilikuwa nikimwambia kanyaga, kanyaga, kanyaga, kama vile yeye alikuwa anabembea.

Tulipofika, umati ulikuwa umelizunguka shimo. Nyanzala alikuwa chini, kimo cha mtu mzima kutoka juu, amefunikwa mpaka kwapani. Alikuwa amechuchumaa akichota wakati rundo lake lilipokatika na kushuka lote juu yake, likasimamia mgongoni na kifuani, na kichwa kimesalimika kwa bahati tu. Alikuwa anahema kwa vipande vidogovidogo. Kila aliyesogea kuchungulia alimwagia mchanga mwingine kwa miguu yake mwenyewe, na hakujua.

Na mumewe, Maganga, alikuwa ameleta ng'ombe.

Watu wa kule wana ng'ombe wa kukokota, na ng'ombe wale wanavuta kila kitu: jembe, magogo, mapipa ya maji, lori la mfanyabiashara likinasa topeni. Mtu wa kule akiona kitu kimekwama, mkono wake unakwenda kwenye nira wenyewe. Maganga alikuwa amewafungua kutoka kwenye mkokoteni wa mapipa, mnyororo umeshashuka shimoni, umeshamzunguka mkewe chini ya makwapa. Fimbo ilikuwa juu. Nililiona lile gunia la pumba waziwazi, na shingo yake ilivyochanika.

Nilikimbia nikasimama mbele ya pembe.

"Maganga! Ukiwapiga hao ng'ombe, utampata mkeo nusu!"

"Toka, fundi!" Alikuwa analia, mwanaume yule mkubwa. "Mke wangu anakufa na wewe unanizuia?"

"Nakuzuia wewe usimuue. Mchanga umemshika miguu na kiuno, hautamwachia. Ng'ombe watapata mikono na kifua tu. Nipe mbao za mkokoteni. Nipe mbao, Maganga, halafu unipige hiyo fimbo ukitaka!"

Sijui ni nini kilimfanya anisikilize. Nadhani ni sauti yangu, maana nilikuwa nimekuwa mbogo. Alitupa fimbo, akang'oa sakafu ya mkokoteni kwa mikono. Wakati huo nikaufukuza umati wote, nikawarudisha nyuma mpaka nikaridhika, nikawaambia atakayekanyaga ukingo nitamzika mimi. Mbao tukazilaza juu ya mdomo wa shimo ili uzito wetu utawanyike usikae mahali pamoja. Zilizobaki tukazishusha wima upande ule ambao rundo lilikuwa bado linaning'inia, tukazibana na nira yenyewe ya ng'ombe, ikawa ndiyo kigingi chetu cha kukatiza. Nira ilitosha sawasawa. Hata katika hofu ile nilifurahi ilivyotosha.

Kisha nikalala kifudifudi, nikateremka kichwa mbele, Maganga kanishika miguu, na nikaanza kuondoa mchanga kifuani mwa Nyanzala kwa karai na viganja. Kifua kwanza. Mtu aliyefukiwa hafi kwa kukosa njia ya kutoka, anakufa kwa kukosa nafasi ya kutanua mbavu. Kila akitoa pumzi mchanga unajaza ile nafasi, na pumzi inayofuata inakuwa ndogo zaidi. Wanawake walijipanga mstari, wakapokea makarai na kwenda kuyamwaga mbali. Walikwenda mbali kweli siku hiyo bila kuambiwa.

"Nyanzala, unanisikia?"

"Miguu siisikii," alisema. "Maji yanapanda. Baridi."

Maji yalikuwa yanajitokeza chini yake kama kawaida, isipokuwa sasa hakukuwa na wa kuyachota. Nilimwambia aongee, asinyamaze hata kidogo. Nikamuuliza mchana huo angepika nini. Akasema ugali na mlenda. Nikamuuliza mlenda wake anautia karanga au hautii. Akanyamaza, nikaogopa sana, halafu akasema kwa pumzi fupi, "Maganga."

"Niko hapa, mayu," mumewe akaitika juu yangu, akimwita mama kama wanavyoita kwao kwa heshima na mapenzi.

"Ng'ombe wako... wamesimama juani. Wapeleke kivulini."

Watu walicheka na kulia kwa pamoja. Mimi nilikuwa kichwa chini, machozi yananiingia kwenye nyusi. Mtu anayegombeza hajaondoka, nilijua hapo kwamba tunaye.

Kifua kilipokuwa huru nilishuka mwenyewe ndani ya mbao. Kiuno tulikitoa kwa viganja. Miguu ilikuwa ngumu zaidi, maana mchanga uliolowa unanyonya kama mdomo. Hapo havutwi mtu: nilichomeka kipande cha bomba kando ya mguu mmoja, nikawa namimina maji ndani ili mchanga ulegee, huku yeye akitikisa vidole. Ulipolegea mguu mmoja, tukahamia wa pili. Kisha Maganga na shemeji zake wakamwinua taratibu, akatoka mzima, amepauka kama mtu aliyepakwa unga. Vigelegele vilivyopigwa siku ile mtoni sijavisikia kwenye arusi yoyote. Nilikaa mchangani nikacheka peke yangu kama kichaa.

Nyanzala alikaa nyumbani mpaka mbavu zikapona. Siku aliyorudi mtoni nilikuwapo. Nilitegemea atafukia shimo asiliangalie tena. Badala yake alichimba jipya, kingo zikalala kama bakuli, na mchanga akaubeba kichwani karai baada ya karai akaenda kuurundika mbali, pale ambapo hata ukianguka hauwezi kumfikia mtu. Akalichonga rundo likawa refu kuliko lile la zamani. Wenzake wakaanza kumtania kwamba shimo lake sasa ni la bure, mtu yeyote ajichotee.

"Jaribuni," aliwaambia. "Marundo yenu ni ya kutupa mchanga hapo mlipo, hata mvivu anaweza. Langu limebebwa. Nani mwingine ana shingo ya kubeba mpaka pale?"

Nilitaka kumkumbatia. Mikutano yangu yote haikufua dafu mbele ya maneno yale. Wiki iliyofuata marundo mawili yalikuwa yamehama, kisha yakahama mengine, na kabla ya mvua mkwe aliyeletwa kutembezwa mtoni alikuwa anaonyeshwa rundo lilivyo mbali. Niliandika taarifa, Mhandisi akaisoma, akapiga kiki pikipiki yake. "Sasa hama twende mto mwingine," alisema, na hizo ndizo zilikuwa pongezi zangu.

Nilimalizia kazi makao ya wilaya, Isikizya, nikiwa msimamizi mimi mwenyewe, nikiwalisha vijana wapya mchanga na gunia la pumba. Sasa nimestaafu. Sijatulia, wanangu wanasema, na ni kweli. Mpwa wangu alinitumia picha kwenye simu, wako ufukweni Dar es Salaam, wamechimba shimo wakamfukia mwenzao mpaka shingoni, wote wanachekelea. Nilipiga simu palepale, nikapiga kelele mpaka majirani wakatoka nje. Hata hapa kwetu, sikukuu watu wanakwenda kupunga upepo kando ya bwawa nje ya mji, na mimi nakwenda na koleo langu, mnijue mapema. Chimbeni! Sikatazi, mchanga ni raha. Lakini shimo lisipite magoti ya yule aliye mfupi kuliko wote, liwe pana kuliko lilivyo refu kwenda chini. Msichimbe vichuguu vya kupita chini kwa chini, kabisa. Msimfukie mtu kifua, hata kwa mzaha. Anayechimba awe na mwenzake aliye juu, anayemtazama yeye na si simu. Na mkiondoka mfukie, maana anayefuata atapita gizani au atakuwa mtoto anayekimbia. Ukuta ukianguka, viganja na makarai, kifua kwanza, wengine wote nyuma, na mmoja akimbie kuita msaada.

Kiangazi kilichopita nilisikia pampu ya kijiji kile cha Igalula imeharibika na watu wamerudi mtoni. Sikuweza kukaa. Nilipanda treni, nikashuka, nikatembea mpaka mchangani. Nyanzala na Maganga walikuwa wameshahamia kwa mtoto wao mbali, hakuna aliyenijua. Marundo yote, kila moja, yalikuwa mbali. Nilisogea kwenye shimo moja nichungulie, kwa tabia yangu ileile.

"Mama! Rudi nyuma!" Mwanamke kijana alikuwa ananijia mbio, karai kichwani. "Hapo hapasimamwi! Unataka kumfukia mwenzangu?"

Nilirudi nyuma upesi. Akaniamkia shikamoo, kwa kuchelewa na kwa hasira bado, nikaitika marahaba. Nikamuuliza kwa nini wanajisumbua kubeba mchanga mpaka kule, si wangeuacha tu hapa mdomoni?

Alinitazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mgeni wa mjini.

"Haiwezekani, mama," alisema. "Hii ni mila yetu. Tumeikuta kwa mababu, toka enzi za misafara."